Viti vya Nyuma Kabisa

Magari yote mawili yalikuwa na safu tatu za viti. La kwanza lilikuwa limeinuka, la kupita makorongo ya kwetu Kondoa bila kugusa mawe. La pili lilikuwa pana hadi viti vya nyuma, ila la chini. Nilishachagua la kwanza, ndipo mke wangu, Munira, akalipanda hadi nyuma kabisa, mtoto kifuani.

Magoti yake yalikaribia kugusa kidevu.

"Huko ni kwa watoto, shemeji," muuzaji akacheka. "Na ninyi mnaye mmoja tu."

"Siku ya uchungu wangu, majirani walinibeba na kitanda, wakavuka korongo limejaa maji," Munira alisema. "Wale ni watu wazima. Watakaa wapi?"

Nilimtazama mwanangu aliyelala.

"Tupe hilo la chini," nikasema. "Likikwama korongoni, wa kulisukuma watakuwemo ndani."