Seli za Jani la Chai

Karatasi ya kiwandani ya kukinga mikwaruzo ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo cha chini cha hadubini, na Nyatichi, mwalimu wa biolojia, ndiye pekee aliyeiona.

"Haya, unaona nini?" meneja wa kampuni ya chai alimwuliza msichana wa kidato cha nne.

Msichana alikuwa ameinama juu ya kipande cha jani la chai, jicho moja amelifumba kwa nguvu. "Naona ukuta wa seli, sir. Naona kiini. Naona kloroplasti za kijani."

Wageni walipiga makofi. Mwalimu mkuu alicheka kwa raha. Ndiye aliyezifungia hadubini hizo, zawadi ya kampuni, kabatini miaka miwili, zisije zikavunjwa, na wasichana wakakariri mchoro wa kitabu. Kabati lilifunguliwa leo asubuhi.

Bila mwanga kutoka kwenye kioo kile, msichana alikuwa akitazama giza. Nyatichi alijua hivyo. Alijua pia kwamba leo meneja angeamua kama kampuni itawajengea maabara, na kwamba mtihani wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki tano.

"Madam, tusimcheleweshe mgeni," mwalimu mkuu alisema. "Chai inapoa."

Nyatichi alichomeka ukucha chini ya karatasi. Ilichanika, ikaacha gundi. Aliikwangua mbele ya wote, polepole, mpaka kioo kikang'aa.

"Angalia tena."

Msichana aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Madam," alisema hatimaye, "hii haifanani na ya kitabu."