Matabishi ya Feruzi

Wakati wa ukoloni, katika klabu ya bazungu mjini Élisabethville, kazi ya Feruzi ilikuwa kugawa karata. Jumapili ile muzungu mmoja alishinda pesa zote za mwenzake mezani, akamtupia Feruzi sarafu ya bakshishi.

"Boyi, kamata matabishi yako."

Aliyeshindwa akasimama, shingo nyekundu. "Akikamata, tutajua mulipatana. Alikupa karata nzuri makusudi."

"Na akikataa," mshindi akacheka, "amenitukana."

Njia zote mbili ziliishia kwenye fimbo, na fimbo ya Élisabethville sisi hatujaisahau.

Sarafu ililala juu ya kitambaa cha kijani, ingali na jasho la muzungu. Feruzi akaisukuma kwa kidole kimoja, polepole, mpaka mbele ya yule aliyeshindwa.

"Kamata weye, Bwana. Leo maskini iko weye."