Hamira ya Polepole

Chumba cha chini ya ghorofa, pale Ntinda, kina baridi, na pombe ya kwete hukawia kuchachuka humo. Ndiyo maana Mama Onen alinunua hamira ya dukani, ile ya haraka. Mwanawe Onen alikuwa anarudi Jumamosi kutoka Mogadishu, na kwete ya kumpokea askari hunywewa ikiwa bado tamu. Ya msiba huachwa wiki nzima, mpaka iwe kali.

Alikuwa ameshakata pakiti wakati askari wawili walipoteremka ngazi. Wakavua kofia.

"Mama Onen," akasema mkubwa wao, "tumetumwa na kambi. Pole sana, mama."

Punje za hamira zilikuwa zimemganda kwenye kidole kilicholowa. Akazifuta kwenye kitenge, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Mtamleta lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo. Ndege imechelewa."

Akaikunja pakiti, akairudisha rafuni. Nyuma ya pakiti kulikuwa na chupa ya mashapo, hamira ya polepole, ya kwete aliyoipika yeye mwenyewe siku ya kuzikwa kwa baba yake Onen. Akaifungua, akanusa. Yalikuwa hai bado.

"Basi haya yatawahi," akasema. "Nishikieni mtungi."