Hema Linaloitikia Hodi

Siku hizi sheria haimruhusu mtu kulala porini peke yake bila hema linaloitikia hodi kwa sauti ya mzazi wake. Kwa hiyo Haikaeli alimsindikiza binti yake, Ndeshi, dukani Moshi, na walipofika akashika usukani wa manunuzi.

"Hili nguzo zake nzito, litakuangusha kwenye kona. Chukua lile linaloingia kwenye begi la pikipiki yako. Na jiko dogo. Godoro la upepo liache, wewe si mgonjwa."

"Mama, mgongo ni wangu."

"Ukiteguka utanililia mimi."

Muuzaji akawasogezea kinasa sauti ili mama arekodi maneno ambayo hema litayajibu. Wazazi wengine hulibembeleza hema kama mtoto. Haikaeli, aliyetaka kila atakayelikaribia aogope, alisema tu: "Nani wewe? Unataka nini? Kaa hapo hapo."

Wiki iliyofuata Ndeshi alipiga simu kutoka porini, mchana wa jua kali, akiwa amejilaza hemani.

"Hema lina adabu kuliko wewe," alisema akicheka. "Sasa hivi mtu kapiga hodi, likamjibu vizuri kabisa: karibu mwanangu, ingia."

Haikaeli aliacha kumenya ndizi. "Ndeshi, mimi neno karibu sikulisema pale dukani."

 Kwenye simu zipu ya mlango wa hema ilisikika ikifunguliwa polepole kutoka nje, kisha ikaja sauti ya Haikaeli mwenyewe, laini kuliko alivyowahi kuitumia kwa mtoto wake, ikimwomba mgeni avue viatu kwanza.