Mkunga wa Jedidah

Mwuza viatu vya mbao alitikisa kichwa. Yeye si mkunga, hamjui mkunga, na kama Naftali hanunui viatu basi asizibe mlango, wateja wanataka kupita.

"Mke wangu yuko kwenye basi!" Naftali alimpigia kelele kwa Kiingereza. "Ana mimba ya miezi saba!"

Mwenye duka akampa pole, kisha akamgeukia mtalii aliyekuwa akijaribu kiatu. Naftali akatoka mbio. Ebo! Nchi nzima imejaa vinu vya upepo na jibini za duara, mkunga mmoja tu haonekani!

Safari yenyewe hakuitaka tangu mwanzo. Jedidah ndiye aliyeona tangazo dukani, mtaani kwao Woolwich: usiku melini, mchana ziara ya vinu vya Uholanzi na kijiji cha wavuvi, kisha melini tena mpaka London. "Mimi mtoto wa Mombasa," alisema. "Tangu tuje Ulaya sijanusa bandari." Naftali ni mtu wa Meru, kwao ni milimani, na hakujua bandari ina harufu gani ya kutamaniwa na mtu mwenye akili zake. Lakini daktari aliruhusu, na Jedidah mwezi mzima alikuwa hali, kila sahani anaisukuma pembeni. Angemnyima nini?

Na aliogopa. Mara mbili walikuwa wamekwenda hospitali na mimba, mara mbili wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hii ya tatu Naftali aliilinda kama yai.

Sasa ona. Asubuhi nzima Tom, kiongozi wa ziara, aliwasimamisha mbele ya vinu akieleza hiki kinasaga haradali, kile kinapasua mbao, na hakuna hata benchi. Miguu ya Jedidah ikavimba. Walipofika kijiji cha wavuvi akashuka, akatembea kidogo kuelekea bandarini, akasimama ghafla. Akashika tumbo, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Naftali, nataka mkunga."

"Unasema nini?"

"Mkunga! Sasa hivi, roho itanitoka. Mimi na huyu mtoto sote twamtaka."

Naftali akamkamata mkono. Alimrudisha kwenye basi akimshika kama mgonjwa, akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika koti.

"Usijikaze hata kidogo," alimwambia. "Nakwenda kumtafuta."

"Kaulizie bandarini, hawakosi," Jedidah alisema. "Na usipompata mzima, hata nusu itanitosha."

Nusu! Naftali alikimbia huku moyo unampasuka. Maumivu yameshapanda kichwani, mke wake anaweweseka.

Tom alitazama saa yake. Basi linaondoka saa tisa, alisema, na mambo ya uzazi hayamo kwenye ratiba. Simu ya barabarani ilitaka sarafu za Kiholanzi, na Naftali alikuwa na za Kiingereza. Duka la dawa lilikuwa limefungwa, wenyewe wamekwenda kula. Hata bandarini alikwenda, kwa kukata tamaa tu, na huko mzee mmoja wa kibanda akamnyooshea kipande cha samaki kwenye karatasi ili aonje.

"Mtu anakufa, wewe unaniuzia samaki!" Naftali alifoka, akausukuma ule mkono.

Akaketi juu ya ukuta wa bandari, akalia. Alikuwa na hasira na Tom, na vinu, na Uholanzi yote, na zaidi ya wote yeye mwenyewe aliyekubali kuja. Hapo ndipo Usha alipomkuta. Usha alikuwa mama wa makamo, mwenye duka kule Harrow, mzaliwa wa Kisumu, na walikuwa wamekuja basi moja.

"Kijana, unalia nini mbele za watu?"

"Jedidah anataka mkunga, mama. Mtoto wetu anaondoka, na hapa hakuna anayejali."

Usha hakuuliza la pili. Aliingia duka la jibini, akaipiga meza kwa kiganja mpaka wote wakanyamaza, na hakutoka mpaka mwenye duka aliposhika simu. Baada ya muda mwanamke mmoja mnene alitokea juu ya baiskeli, mkoba mweusi umefungwa nyuma, anapiga kengele watalii wampishe.

Mambo yakaenda mbio. Usha aliwateremsha wanaume wote basini ila Naftali, Tom akiwa wa kwanza.

"Ratiba yako kaisomee nje!" alimwambia.

Abiria wanawake wakaziba madirisha kwa makoti. Dereva akatumwa mkahawani kuomba maji ya moto, akaenda bila kubisha. Mkunga akapanda, akakunja mikono ya blauzi, akaelekea kiti cha nyuma. Naftali akamfuata huku jasho linamchuruzika, midomo inaomba Mungu kimyakimya.

Jedidah alikuwa amesinzia. Aliposikia mikono ya mtu juu ya tumbo lake akashtuka, akainuka.

"Nimempata!" Naftali alisema. "Nimempata mkunga, mke wangu. Tulia. Safari hii mtoto hatatuponyoka."

Jedidah alimtazama yule mwanamke toka juu mpaka chini. Akaitazama mikono ya Naftali, mitupu. Akachungulia nyuma yake.

"Yu wapi?"

"Si huyu hapa!"

"Naftali," alisema Jedidah, "nimekutuma mkunga samaki, umeniletea mkunga mtu!"