Bastola ya Ukutani

"Fremu ya shaba," Royce Tackett alisema, akaisukuma bastola ya kwanza kando. "Ya kuwauzia watalii hii. Ukiipiga msimu mmoja tu, imelegea kila kiungo."

Mavis Pruitt, mwenye duka, alikuwa akiuza bastola za baruti, nakala za zile za vita vya mababu, tangu Royce akivaa kaptula. Hakuhitaji kufundishwa shaba ni nini. Aliweka ya pili mezani.

Royce alitoa simu akailaza kando ya ile bastola. Kwenye simu kulikuwa na picha aliyoipiga Krismasi iliyopita sebuleni kwa baba yake: bastola nyingine, ndani ya sanduku la kioo ukutani. Akaangalia picha, akaangalia mkononi. Akazungusha silinda, akasikiliza inavyojifunga. Akavuta nyundo polepole, akakagua weusi wa chuma na mbao ya kitako.

"Hii imetengenezwa na watu wanaojua kazi," alisema. "Imefanana na ile kama pacha."

"Ina pacha kweli. Zilikuja mbili, namba zimefuatana. Mwenzake imeshauzwa."

"Hayo hayanihusu, mama."

"Na unaitakia nini? Wewe hujawahi kupiga baruti maisha yako."

"Nifungie tu. Usinichimbe."

Hakuna aliyehitaji kumchimba. Kila mtu pale mjini alijua kwamba mzee Otis Tackett amefariki, na kwamba alitaka azikwe na bastola iliyorudi kutoka vitani na babu wa babu yake. Royce aliuona huo ni wendawazimu. Kuna tajiri mmoja Nashville aliyekuwa akiingoja kwa hamu, na Royce alikuwa na madeni ya kumkosesha usingizi. Tena tangu utotoni aliitamani, na baba yake hakumruhusu kuigusa hata siku moja. "Wewe utaiuza," mzee alizoea kumwambia mbele za watu. Sasa mzee hana mdomo tena wa kumsema, na jeneza litafungwa likiwa na bastola ya kuiga.

"Ngoja," Mavis alisema. Aliinama chini ya kaunta akatoa ya tatu, imeviringishwa kitambaa. "Angalia na hii kabla hujalipa."

Royce aliishika kwa vidole viwili. Weusi wa chuma ulikuwa umechujuka, nyundo inachezacheza, na upande mmoja wa kitako umejaa vishimo.

"Hii imetafunwa na panya," alisema. "Takataka hii umeiokota wapi?"

"Iangalie vizuri, Royce."

"Nimeiangalia. Mimi najua bastola, mama. Bei gani?"

"Hiyo haina bei."

"Naona," Royce alisema, akaibwaga mezani.

Mavis aliibana midomo yake, akaifunga tena kwenye kitambaa. Royce akalipia ile ya pili. Nyumbani aliyafuta kwa tupa maandishi ya kiwandani kwenye mtutu, namba iliyojificha chini ya mkono wa kushindilia risasi akaisoma akaiacha, akairudia ile picha ya simu, na roho yake ikatulia.

Kwenye nyumba ya mazishi alimkuta dada yake, Lorna, amekaa kichwani pa jeneza. Lorna ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Na Lorna ndiye aliyekuwa akiisafisha ile bastola kwa maji ya moto na sabuni, kazi aliyoijulia mapajani mwa baba yake kabla hajajua kutembea.

"Umekuja kumwona baba au bastola?" Lorna alimwuliza.

"Nenda kanywe kahawa. Unanuka dawa za wagonjwa."

Lorna alimkazia macho, kisha akanyanyuka akatoka. Royce alifungua koti. Vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa juu ya bastola, ikabidi avibandue kimoja kimoja ili aibadilishe. Haya hakuona. Aliona raha, tena ile raha ya mtu anayemkomoa mtu asiyeweza kumrudishia.

Kaburini wapiga baruti wa chama cha mzee walipiga saluti, moshi mweupe ukatanda juu ya watu. Lorna alilia. Royce alikuwa akiangalia saa.

Alipoingia kwenye gari lake aliitoa bastola ndani ya koti, akaigeuzageuza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kwenye mtutu palikuwa na mahali palipofutwa kwa tupa, kama alivyofuta yeye. Akashusha ule mkono wa kushindilia risasi. Chini yake palikuwa na namba, na ilikuwa ndiyo inayotangulia namba ya ile aliyoizika.

Alimkuta Mavis anafunga duka.

"Baba aliinunua kwako," alisema kwa hasira. "Ile pacha ni yeye aliyeinunua, akaitundika ukutani."

"Kabla ya Krismasi."

"Basi ya kweli iko wapi?"

"Uliishika, Royce. Mzee aliniachia, akaniambia niwawekee mezani nyote wawili, na atakayeitambua nimpe."

Royce aliitazama kaunta. Haikuwa na kitu.

"Dada yako alipita asubuhi kuchukua baruti ya saluti," Mavis alisema, akizungusha ufunguo. "Alivipapasa vishimo vya panya wako mara moja tu, akacheka huku analia. Kumbe ni meno yake ya kwanza."