Tumbo la Mama Mkwe

"Amenilisha sumu," mama mkwe aliwatangazia waliokuwa kwenye foleni ya ultrasaundi. "Tumbo linawaka tangu mwezi uliopita."

Mke wa mwanawe, msusi, alikuwa amefunga saluni asubuhi hiyo kwa sababu moja tu: daktari aseme wazi kwamba chakula chake hakina kosa.

"Sumu gani, mama? Si tunakula sufuria moja?"

"Wewe unakula? Vijiko viwili, sahani pembeni. Mpishi anayekimbia chakula chake ana jambo."

Benchi zima likacheka. Msusi akainuka.

"Chooni tena?" mama mkwe akapaza sauti. "Umemeza bomba?"

Aliporudi, alikuta anasengenywa bado.

"Sketi anafunga kwa pini. Tumbo linatangulia, mikono njiti. Na mimba hana, nimeuliza."

"Mama, kama unaogopa ugonjwa wa marehemu dada yako, sema. Usinisingizie."

Mama mkwe akamkazia macho. "Dada yangu aliambiwa ni gesi. Akanywa dawa za gesi mpaka saratani ya ovari ikasambaa tumbo zima. Mimi siambiwi gesi na mtu."

Pale mapokezi, mama mkwe alikuwa amelazimisha waandikishwe wote wawili. Walipoitwa, aligoma kupanda kitandani.

"Aanze yeye. Kama chakula chake ni safi, tumbo lake litasema."

"Naanza!" Msusi alijitupa kitandani, akapandisha blauzi. "Nipime, daktari. Huyu mama leo afunge domo."

Daktari akampaka dawa ya baridi, akatembeza kipimo juu ya tumbo. Akafika upande wa kulia, akasimama. Akarudi nyuma. Akasimama palepale.

"Umeona nini?" msusi akauliza. Safari hii hakufoka.

"Kuna uvimbe kwenye ovari. Sipendi unavyoonekana, ila bado ni mdogo. Utafanyiwa upasuaji wiki hii hii, tuupime." Daktari akamfuta tumbo taratibu. "Una bahati. Wengi huja wakati hatuna la kufanya."

Msusi alishusha blauzi, akateremka kitandani, akaketi kwenye kiti.

Daktari akabadilisha shuka. "Haya, mama, zamu yako. Panda."

Mama mkwe alikuwa ameshachuchumaa, anamvalisha mkwewe viatu.

"Nipande nifanye nini?" alisema. "Mimi siumwi popote."